Sura ya Kumi: Anwani za Kompyuta na Barakoa za Mitandao

1. Kila kompyuta ina anwani

Barua isiyo na anwani haifiki. Mtu anayetaka kumwandikia mwenzake aliyeko mji mwingine huandika juu ya bahasha jina la mwenzake, namba ya sanduku la posta na jina la mji. Karani wa posta huyasoma maandishi hayo, kisha huitia barua katika mfuko wa mji unaohusika. Hana haja ya kujua yaliyoandikwa ndani.

Kompyuta nazo hupelekeana habari. Habari hizo hukatwa vipande vidogo viitwavyo vifurushi, na kila kifurushi huandikwa anwani ya kompyuta inakotoka na anwani ya kompyuta inakokwenda. Anwani hiyo huitwa anwani ya IP, yaani anwani ya Itifaki ya Intaneti. Itifaki ni kanuni ambazo kompyuta zote zimekubali kuzifuata ili zielewane. Kanuni tutakazozisoma katika sura hii ziliandikwa nchini Marekani mwaka 1981, na zilianza kutumika katika mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983.

Ifuatayo ni anwani moja ya IP:

192.168.5.20

Tazama anwani hiyo kwa makini. Ina mafungu manne ya tarakimu, na kila fungu limetengwa na jingine kwa nukta. Katika fungu lolote, namba ndogo kabisa inayoruhusiwa ni 0 na kubwa kabisa ni 255. Kwa nini ni 255, wala si 999? Ili kujibu swali hilo, hatuna budi kujua jinsi kompyuta inavyohesabu.

2. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili

Sisi huhesabu kwa tarakimu kumi, kuanzia 0 hadi 9. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, yaani 0 na 1. Namba hizo huitwa namba za kizio cha mbili. Ndani ya kompyuta mna swichi nyingi ndogo sana za umeme. Swichi iliyowashwa husimama mahali pa 1, na iliyozimwa husimama mahali pa 0. Tarakimu moja ya namna hiyo huitwa biti.

Jaribio la 1

Vifaa: kadi nane za karatasi ya manila na kalamu.

Njia: Andika namba moja juu ya kila kadi kama ifuatavyo: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Waite wanafunzi wanane wasimame mbele ya darasa kwa mstari, kila mmoja na kadi yake, namba kubwa ikiwa kushoto kwa watazamaji. Mwanafunzi anayeonyesha kadi yake ni 1. Anayeificha mgongoni ni 0.

(a) Wanafunzi wenye 128 na 64 waonyeshe kadi zao, na wengine wafiche. Jumla ni ngapi?
(b) Wanafunzi wote waonyeshe kadi zao. Jumla ni ngapi?
(c) Wanafunzi gani wataonyesha kadi ili jumla iwe 20?

Umeona nini? Katika (a) jumla ni 192, na kompyuta huiandika 11000000. Katika (b) jumla ni 255, nayo huandikwa 11111111. Katika (c) ni wenye 16 na 4, na namba huandikwa 00010100.

Sasa tunajua kwa nini hakuna fungu linalozidi 255. Kila fungu lina biti nane, na biti nane zote zikiwa 1, jumla yake ni 255. Mafungu ni manne, kwa hiyo anwani nzima ina biti 32. Anwani zote zinazoweza kuandikwa kwa biti 32 ni 4,294,967,296. Hesabu hiyo yaonekana kubwa mno, lakini baadaye tutaona kwamba haikutosha.

3. Sehemu mbili za anwani

Tazama namba za simu za mezani za Tanzania. Namba za Dar es Salaam huanza na 022, na namba za Mwanza huanza na 028. Tarakimu za mwanzo zaonyesha eneo, na tarakimu zinazofuata zaonyesha simu moja tu katika eneo hilo.

Anwani ya IP nayo ina sehemu mbili. Sehemu ya kushoto huonyesha mtandao, na sehemu ya kulia huonyesha kompyuta moja katika mtandao huo. Kompyuta zote za mtandao mmoja zina sehemu ya kushoto iliyo sawa, na kila moja ina sehemu yake ya kulia.

Mitandao huunganishwa na chombo kiitwacho ruta. Kazi ya ruta yafanana na kazi ya karani wa posta. Huisoma sehemu ya mtandao katika anwani, kisha hukipeleka kifurushi upande unaofaa. Ruta iliyo mbali haina haja ya kuzijua kompyuta zote za dunia moja moja. Yatosha ijue njia ya kwenda kwenye kila mtandao. Bila mpango huu, kila ruta ingelazimika kuwa na orodha ya mamilioni ya anwani, na kazi yake ingekuwa nzito kupita kiasi.

Lakini ruta itajuaje mahali sehemu ya mtandao inapokoma na sehemu ya kompyuta inapoanza? Nukta hazisemi, kwa maana zimewekwa ili kurahisisha usomaji tu. Kwa muda wa miaka mingi jibu la swali hilo lilikuwa ni madaraja.

4. Madaraja ya anwani

Waliotunga kanuni za mwaka 1981 walizigawa anwani katika madaraja. Daraja la anwani hutambulikana kwa kuangalia fungu la kwanza.

Daraja A: Fungu la kwanza ni 1 hadi 126. Katika kizio cha mbili huanza na 0. Fungu moja ni la mtandao na matatu ni ya kompyuta. Mitandao ni 126, na kila mmoja waweza kuwa na kompyuta 16,777,214.

Daraja B: Fungu la kwanza ni 128 hadi 191. Katika kizio cha mbili huanza na 10. Mafungu mawili ni ya mtandao na mawili ni ya kompyuta. Mitandao ni 16,384, na kila mmoja waweza kuwa na kompyuta 65,534.

Daraja C: Fungu la kwanza ni 192 hadi 223. Katika kizio cha mbili huanza na 110. Mafungu matatu ni ya mtandao na moja ni la kompyuta. Mitandao ni 2,097,152, na kila mmoja waweza kuwa na kompyuta 254.

Namba 127 haimo katika orodha hii. Imetengwa ili kompyuta iweze kujipelekea ujumbe yenyewe, hasa wakati wa kujipima. Anwani zinazoanza na 224 hadi 239 ziliitwa Daraja D, nazo hutumika kupeleka ujumbe mmoja kwa kundi la kompyuta kwa mara moja. Zinazoanza na 240 hadi 255 ziliitwa Daraja E, nazo ziliwekwa akiba.

Huenda umejiuliza kwa nini Daraja C lina kompyuta 254, wakati biti nane hutoa namba 256. Sababu ni kwamba anwani mbili hazipewi kompyuta. Anwani ya kwanza, ambayo biti zake zote za kompyuta ni 0, ni jina la mtandao wenyewe. Anwani ya mwisho, ambayo biti zake zote za kompyuta ni 1, hutumika kuziita kompyuta zote za mtandao kwa pamoja, kama mlio wa kengele ya shule unavyowaita wanafunzi wote.

5. Kasoro ya madaraja

Fikiri juu ya mwenye duka ambaye huuza sukari kwa vipimo vitatu tu: kibaba, gunia, au shehena nzima ya jahazi. Mama anayehitaji vibaba viwili atanunua gunia, na sukari nyingi itabaki bila kazi. Mpango wa madaraja ulikuwa na kasoro kama hiyo.

Tuseme chuo kimoja kina kompyuta 300. Mtandao wa Daraja C haukitoshi, kwa kuwa una nafasi 254 tu. Chuo hicho kikipewa mtandao wa Daraja B, kitatumia anwani 300, na anwani 65,234 zitakaa bure. Hakuna mwingine anayeweza kuzitumia, kwa sababu sehemu yake ya mtandao imekwisha kupewa chuo hicho.

Katika Daraja A upotevu ulikuwa mkubwa zaidi. Chuo kiitwacho MIT, nchini Marekani, kilipewa mtandao wote unaoanza na 18, wenye anwani zaidi ya milioni 16. Mwaka 2017 chuo hicho kilieleza kwamba anwani zipatazo milioni 14 kati ya hizo zilikuwa hazijawahi kutumiwa, kikaamua kuuza sehemu yake. Waliozigawa anwani hizo hapo mwanzo hawakukusudia ubaya. Wakati huo kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache, na ilidhaniwa kuwa anwani hazitakwisha.

6. Barakoa ya mtandao

Mwaka 1985 kanuni mpya ilitolewa ili wenye mitandao mikubwa waweze kuigawa mitandao yao wenyewe. Kanuni hiyo ilitumia namba ya pili, iitwayo barakoa ya mtandao. Barakoa anayovaa mtu huficha sehemu ya uso na kuacha sehemu nyingine ionekane. Barakoa ya mtandao huficha sehemu ya kompyuta katika anwani na kuacha sehemu ya mtandao ionekane.

Barakoa nayo ina biti 32. Penye 1, biti ya anwani huonekana. Penye 0, biti ya anwani hufichwa na mahali pake huwekwa 0. Tarakimu 1 zote za barakoa huwa kushoto, na tarakimu 0 zote huwa kulia, hazichanganywi.

Jaribio la 2

Vifaa: karatasi ya mraba, karatasi ya manila, mkasi na kalamu.

Njia: Chora mstari wa vyumba nane katika karatasi ya mraba. Andika ndani yake namba 100 katika kizio cha mbili, yaani 01100100. Kata kipande cha manila chenye urefu wa vyumba hivyo nane. Katika kipande hicho, toboa madirisha mawili juu ya vyumba viwili vya kushoto. Weka kipande chako juu ya namba.

Umeona nini? Ni tarakimu 01 tu zinazoonekana. Nyingine sita zimefichwa. Ukiweka 0 mahali pa zilizofichwa, unapata 01000000, yaani 64.

Kipande chako cha manila ni barakoa 11000000. Ukijumlisha 128 na 64 utaona kuwa barakoa hiyo ni 192. Hivyo barakoa ya 192 ikiwekwa juu ya 100, jibu ni 64. Kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa umeme, kila inapotaka kupeleka kifurushi.

7. Kugawa mtandao wa shule

Tuseme shule yetu ina mtandao 192.168.5.0. Barakoa yake ni 255.255.255.0, yaani mafungu matatu ya kwanza ni ya mtandao. Mwalimu Mkuu anataka mtandao huo ugawanywe katika mitandao midogo minne: ya ofisi, ya maktaba, ya chumba cha kompyuta na ya chumba cha walimu.

Biti moja hutofautisha vitu viwili, na biti mbili hutofautisha vitu vinne: 00, 01, 10 na 11. Kwa hiyo tutachukua biti mbili kutoka sehemu ya kompyuta na kuziingiza katika sehemu ya mtandao. Barakoa mpya itakuwa 255.255.255.192. Matokeo ni haya:

Ofisi: 192.168.5.0 hadi 192.168.5.63
Maktaba: 192.168.5.64 hadi 192.168.5.127
Chumba cha kompyuta: 192.168.5.128 hadi 192.168.5.191
Chumba cha walimu: 192.168.5.192 hadi 192.168.5.255

Kila mtandao mdogo una anwani 64. Tukiondoa ya kwanza na ya mwisho, zinabaki 62 za kupewa kompyuta.

Sasa kompyuta ya maktaba yenye anwani 192.168.5.100 inataka kuipelekea habari kompyuta 192.168.5.130. Kwanza huweka barakoa juu ya anwani yake, ikapata 192.168.5.64. Kisha huweka barakoa hiyo hiyo juu ya anwani ya mwenzake. Namba 130 ni 10000010. Barakoa huacha 10 tu, na jibu ni 192.168.5.128. Majibu mawili hayalingani. Kwa hiyo kompyuta inajua kwamba mwenzake yuko katika mtandao mwingine, na hukikabidhi kifurushi kwa ruta. Kama majibu yangelingana, ingekipeleka yenyewe moja kwa moja.

Mgawanyo huu una faida. Wito wa kompyuta za maktaba hausumbui kompyuta za ofisi. Tena, kwa kuwa kila kifurushi kinachotoka mtandao mmoja kwenda mwingine hupitia katika ruta, fundi aweza kuiamuru ruta izuie vifurushi vya chumba cha kompyuta visiingie ofisini, mahali zinapohifadhiwa alama za mitihani.

Angalia pia madhara ya kukosea. Tuseme fundi ameiandikia kompyuta ya maktaba barakoa ya zamani, 255.255.255.0. Barakoa hiyo hulificha fungu la mwisho lote. Kompyuta ikilinganisha, itapata 192.168.5.0 kwa anwani zote mbili, nayo itadhani kuwa mwenzake yumo katika mtandao wake. Itamwita moja kwa moja bila kupitia katika ruta, na haitapata jibu. Hata hivyo itaendelea kuwasiliana vizuri na kompyuta nyingine za maktaba. Fundi asiyeelewa barakoa aweza kubadilisha nyaya siku nzima, wakati kosa liko katika namba moja.

8. Madaraja yaachwa

Kadiri intaneti ilivyokua, mitandao ya Daraja B ilielekea kwisha. Mwaka 1993 ilikubaliwa kwamba anwani zigawiwe bila kufuata madaraja, na kwamba barakoa iweze kukatwa mahali popote kadiri ya haja. Tangu hapo fungu la kwanza peke yake halituelezi tena ukubwa wa mtandao. Ni lazima tuambiwe na barakoa yake.

Barakoa huandikwa pia kwa ufupi, kwa kuhesabu tarakimu 1 zilizomo. Barakoa 255.255.255.0 ina tarakimu 1 ishirini na nne, kwa hiyo huandikwa /24. Barakoa 255.255.255.192 huandikwa /26.

Hebu tukirudie chuo chenye kompyuta 300. Kwa mpango mpya, chuo hicho hupewa mtandao wa /23, yaani barakoa 255.255.254.0. Biti tisa hubaki kwa ajili ya kompyuta, nazo hutoa anwani 512. Ukiondoa mbili, zinabaki 510. Kompyuta zote 300 zinapata nafasi, na akiba ya kukua ipo. Anwani 65,024 ambazo zingelala bure chini ya Daraja B zinaweza kupewa wengine.

9. Anwani zakwisha

Ugawaji mzuri ulichelewesha upungufu, lakini haukuuondoa. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu makubwa ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kwa vituo vitano vinavyosimamia anwani katika sehemu mbalimbali za dunia. Kituo cha Afrika huitwa AFRINIC, nacho kiko Mauritius. Kilikubaliwa rasmi mwaka 2005, na mwaka huo kilikabidhiwa anwani zote zinazoanza na 41. Mwaka 2011 kilipewa fungu lake la mwisho, linaloanza na 102. Mwezi Januari 2020, akiba yake ilipokuwa imepungua sana, kilianza kumpa kila mwombaji si zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja.

Linganisha hesabu hizo. Chuo kimoja cha Marekani kilipewa anwani zaidi ya milioni 16 wakati wa madaraja. Mashirika ya Afrika, ambayo mengi yalijiunga baadaye, yaliikuta akiba iliyobaki ikipimwa kwa uangalifu. Hii ndiyo sababu ufundi wa barakoa una maana kwetu. Mwenye anwani chache na barakoa iliyokatwa vizuri aweza kuhudumia shule nyingi kuliko mwenye anwani nyingi anayezipoteza.

Njia mbili nyingine zimesaidia. Ya kwanza ni anwani za ndani. Tangu mwaka 1996, anwani zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168 zimetengwa zitumiwe ndani ya nyumba, shule na ofisi yoyote. Ndiyo maana shule mbili za miji tofauti zaweza kutumia 192.168.5.0 bila kugongana. Kifurushi kinapotoka nje, ruta hubadilisha anwani ya ndani na kuweka anwani ya nje, ambayo kompyuta nyingi huitumia kwa shirika.

Njia ya pili ni anwani za namna mpya, ambazo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1995. Anwani hizo zina biti 128, na hesabu yake ni namba yenye tarakimu 39. Hata katika anwani hizo, sehemu ya kushoto ni ya mtandao na sehemu ya kulia ni ya kompyuta.

Mambo ya kukumbuka

1. Anwani ya IP tuliyojifunza ina biti 32, katika mafungu manne ya biti nane nane.
2. Anwani ina sehemu ya mtandao na sehemu ya kompyuta.
3. Zamani daraja ndilo lililoonyesha mpaka wa sehemu hizo. Tangu mwaka 1993 barakoa ndiyo inayouonyesha.
4. Kompyuta huweka barakoa juu ya anwani yake na juu ya anwani ya mwenzake. Majibu yakilingana, zimo katika mtandao mmoja. Yasipolingana, kifurushi hupitia katika ruta.

Maswali

1. Andika namba hizi katika kizio cha mbili: 10, 168, 224.
2. Zamani, anwani hizi zilikuwa za daraja gani: 18.4.0.7, 150.20.3.9, 200.1.1.1?
3. Kwa nini anwani ya kwanza na ya mwisho ya mtandao hazipewi kompyuta?
4. Mtandao 192.168.9.0 umegawanywa kwa barakoa 255.255.255.224. Imepatikana mitandao midogo mingapi? Kila mmoja waweza kuwa na kompyuta ngapi?
5. Kwa barakoa hiyo ya swali la 4, je, 192.168.9.40 na 192.168.9.60 zimo katika mtandao mmoja? Na 192.168.9.60 na 192.168.9.70 je? Onyesha njia.
6. Zahanati moja ina kompyuta 12. Chagua barakoa itakayoitosha bila kupoteza anwani nyingi. Eleza sababu za uchaguzi wako.